Vidole Vitatu Ambavyo Sikuviandika

Siku yangu ya kwanza kazini nilishona jeraha la mtu kwa ustadi mkubwa, na nikagombezwa. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, Afisa Tabibu mpya, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Kituo cha afya nilichopangiwa kilikuwa upande wa Sapiwi, katikati ya mashamba ya pamba, na mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee aliyepigwa kichwani kwa mpini wa jembe na jirani yake. Ngozi ilikuwa imepasuka juu ya sikio. Nilimchoma sindano ya ganzi, nikamsafisha, nikamshona nyuzi sita, kisha nikarudi nyuma hatua moja niitazame kazi yangu.

Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, akaingia. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, na upole wake ulitisha kuliko ukali wa wengine.

"Lilikuwa na urefu gani?" akauliza.

"Lipi, mkuu?"

"Jeraha."

Nikamwonyesha kwa vidole, kama hivi.

"Na kina?"

Nikazitazama zile nyuzi sita.

"Umeshona ushahidi, binti. Huyu mzee akienda mahakamani, hakimu hatauliza unashona vizuri kiasi gani. Kaa hapa nikufundishe kazi, maana naona chuoni wamekufundisha nusu."

Nusu iliyobaki ilikuwa fomu ya polisi namba tatu, ambayo kila mtu wa Bariadi huiita PF3, hata yule ambaye hajawahi kushika kalamu. Mtu akijeruhiwa na mwenzake, polisi hujaza sehemu ya juu na tabibu hujaza ya chini. Unapima kila jeraha kwa rula kabla ya kushona, urefu, upana na kina, isipokuwa kama damu inakimbia, hapo unaokoa mtu kwanza. Unachora mahali lilipo. Unaandika kama silaha ilikuwa na makali au ilikuwa butu. Unaandika kiungo kinafanya kazi au hakifanyi. Mwishoni kabisa kuna nafasi ndogo ambapo unatakiwa useme madhara hayo ni ya kiwango gani, na nafasi hiyo ndogo ndiyo iliyonikosesha raha miaka yangu yote ya utumishi.

Fomu yenyewe ni ya Kiingereza, lakini maana yake ni hii. Madhara ni maumivu yoyote ya mwili, hata yale ya kupona kesho. Madhara makubwa ni yale yanayoharibu afya vibaya au kwa kudumu, na ndani yake umo ulemavu, yaani kiungo kupotea au kubaki hakina kazi. Ukiandika neno la kwanza, mtuhumiwa atashtakiwa kwa shambulio la kudhuru mwili. Adhabu yake inaweza kufika miaka mitano, lakini mara nyingi haifiki popote, kwa sababu sheria inairuhusu mahakama kuwaacha watu wapatane. Ukiandika neno la pili, kosa linapanda daraja. Ni hadi miaka saba, na mlango wa kupatana umefungwa. Na ikithibitika kwamba mtu alikusudia kusababisha madhara makubwa, sheria inaweza kumfunga maisha.

"Wewe si hakimu," Mfawidhi aliniambia. "Hufungi mtu. Unaandika ulichokiona, huandiki ulichoambiwa. Na kama hujajua jeraha litaishia wapi, iache ile nafasi wazi, mrudishe mgonjwa baada ya wiki mbili, umpime tena. Hakuna anayekukimbiza."

Kwa hilo la mwisho mkuu wangu alikosea. Wapo wanaokukimbiza.

Nilikaa naye miaka minne. Aliniongoza hadi mahakamani kwa mara yangu ya kwanza, kwa sababu mshtakiwa ana haki ya kutaka aliyejaza fomu aje ahojiwe. Asubuhi ile nilitapika chai yote nyuma ya choo cha mahakama. Niliposimama kizimbani nilishika mbao kwa mikono miwili, na kila nilipojibu nilimwona mshtakiwa akiniangalia kana kwamba ni mimi niliyempiga yule majeruhi. Nikadhani woga ule ni wa ugeni na utapungua. Haukupungua. Nilijifunza tu kula baada ya kesi badala ya kabla.

Kisha nikahamishwa. Zahanati mpya ilikuwa upande wa Dutwa, katika kijiji ambacho sitakitaja, na humo mimi ndiye nilikuwa Mfawidhi. Nilikuwa na muuguzi mmoja, mhudumu mmoja na nyumba ya mtumishi iliyo hatua hamsini kutoka kazini. Mume wangu alifanya kazi mbali, akirudi mwisho wa mwezi. Niliishi na binti yangu, Nyanzala, aliyekuwa darasa la tatu. Watu walinipenda haraka, waliniletea viazi na karanga, na mimi nikajiona nimefika.

Msimu wa kulima wa mwaka wa pili, saa tatu asubuhi, waliniletea Milembe kwenye baiskeli. Alikuwa mjane wa miaka kama yangu. Mumewe alikuwa amefariki kabla ya mavuno, akamwachia watoto wawili na shamba la pamba kando ya mto. Asubuhi ile alimkuta shemeji yake, Ng'wandu, mdogo wa marehemu, ameingiza ng'ombe wa kulima katika shamba lile. Milembe akasimama mbele ya maksai. Ng'wandu akainua panga. Milembe akalishika lile panga kwa kiganja cha mkono wa kulia, kwenye makali, na Ng'wandu akalivuta.

Polisi jamii walikuwa wamempigia simu koplo wa kituo kidogo, naye akafika na pikipiki na fomu. Nilisimamisha damu kwa kitambaa, kisha nikafanya kila kitu kama nilivyofundishwa. Nilipima. Nilichora. Jeraha lilipita kiganjani kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ndani yake niliona kano zilizokatika, zile kamba nyeupe zinazovuta vidole. Nilishona ngozi, nikaandika rufaa aende hospitali kubwa, naye akaniambia hana wa kumpeleka siku ile. Koplo akasema ataifuata fomu kesho saa nne. Nikaiweka mezani, nafasi ya mwisho ikiwa wazi.

Jioni, jua bado liko juu ya miti, mtu akaingia uani kwangu akisukuma baiskeli. Alikuwa Maduhu, kaka mkubwa wa Ng'wandu, mkuu wa ukoo ule baada ya baba yao kufa. Alivua kofia.

"Mwadila, mayu," akanisalimu. Kwetu mayu ni mama, na ndivyo mtu mwenye heshima anavyomwita mwanamke.

"Mwadila, baba."

Nikamletea kigoda. Akakaa bila haraka, akaulizia kazi, akaulizia mvua. Kisha akauliza, "Mama yako wa Ngulyati, ule mguu umepona?"

Mama yangu alikuwa na kidonda cha mguu, kweli. Lakini sikuwahi kumwambia Maduhu kwamba nina mama Ngulyati. Nikajibu kwamba anaendelea vizuri.

"Tunashukuru Mungu. Na huyu Nyanzala wako ana adabu sana. Kila asubuhi akienda shule anapita pale kwetu kwenye njia ya mkato, anatusalimia wote. Nimewaambia vijana wangu, huyu mtoto wa Daktari mumtunze."

Nyanzala alikuwa ndani, akisoma kwa sauti kitabu cha hesabu.

"Daktari, sisi ni watu wa kuelewana," Maduhu akaendelea. "Ng'wandu amekosa. Hilo hata mimi nimemwambia. Lakini mambo ya ukoo yanamalizwa na ukoo. Tutakaa na shemeji yetu, tutampa ng'ombe, tutayamaliza. Sasa hiyo karatasi ikiandikwa makubwa, serikali inatunyang'anya mtu. Hatukuombi uongo. Tunakuomba tu usiandike sana."

Akavaa kofia, akaniaga vizuri, akaondoka. Hakuinua sauti hata mara moja. Hata leo nikilieleza jambo hili watu huniuliza, alikutishia? Nami sijui nijibu nini, maana ukilipeleka polisi neno kwa neno, alimsifu mtoto wangu na kumuulizia mama yangu.

Niogope nisiogope? Niliogopa. Kesho yake nilimpeleka Nyanzala shule mwenyewe, kwa njia kubwa, nikimshika mkono kwa nguvu hadi akalalamika.

Milembe alirudi saa tatu kubadilishwa bandeji. Uvimbe ulikuwa mdogo. Nikamwambia akunje vidole. Dole gumba likakunjika. Cha shahada kikakunjika kwa shida. Vile vitatu vingine vilibaki vimenyooka. Nikavigusa kimoja kimoja, nikamwambia jaribu tena, akajaribu mpaka jasho likamtoka usoni, na vidole havikusogea. Nilijua ninachokiona. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua. Huyu mwanamke hatashika jembe kwa mkono ule, wala hatachuma pamba.

Fomu ilikuwa mezani kati yetu. Nilikuwa na njia mbili za haki. Ningeweza kuandika nilichokiona. Au, kama ningekosa ujasiri, ningeweza kuacha nafasi ile wazi kwa wiki mbili, kama nilivyofundishwa, na kuandika tu kwamba vidole vitatu havikunjiki. Hata hilo la pili lingemfaa Milembe. Nilisikia pikipiki ya koplo ikikata kona. Nikachukua kalamu, nikaandika jeraha la kukatwa, urefu wake, kina chake, na pale mwisho nikaandika madhara. Vidole sikuvitaja. Nikagonga mhuri.

Koplo alisoma, akaniangalia, akasoma tena. "Haya, Daktari," akasema, akaikunja.

Mwanzoni nilijiambia kwamba sikudanganya, kwa kuwa kila nilichoandika kilikuwa kweli. Ninyi mnaoanza kazi hii mtaona jinsi uongo wa aina hiyo unavyofanyika kwa urahisi. Huongezi kitu, unaacha tu.

Baada ya miezi kadhaa niliitwa mahakamani Bariadi. Mwendesha Mashtaka, kijana mrefu mwenye mafaili mengi kuliko mikono, alinivuta pembeni kwenye korido kabla ya kesi.

"Daktari, nimeuona mkono wa yule mama. Huu ni ulemavu. Mbona fomu yako imeandika hivi?"

"Niliandika kama ilivyokuwa siku ile."

"Sikiliza. Wewe sema tu mbele ya hakimu kwamba vidole viliathirika tangu siku ile. Nabadilisha hati ya mashtaka leo hii, iwe madhara makubwa. Usiposema, wazee wa ukoo wako hapo nje, wameshaomba suluhu, na kwa kosa hili dogo hakimu ataikubali. Yule mama atarudi kulala boma moja na aliyemkata. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nilimwelewa kuliko alivyodhani.

Karani akaniita. Nilikuwa shahidi wa tatu. Nilishika Biblia, nikaapa kusema kweli tupu. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani, anayeandika kila jibu kwa mkono wake, kwa hiyo kila ukisema neno unasubiri kalamu yake ifike. Mwendesha Mashtaka akanionyesha fomu, nikaitambua saini yangu. Akaniuliza kuhusu jeraha, nikajibu kwa sentimita. Kisha hakimu akainua kichwa.

"Shahidi, mlalamikaji ameionyesha mahakama mkono wake. Vidole vitatu havikunjiki. Fomu yako haisemi lolote kuhusu vidole. Siku ulipompima vilikuwaje?"

Maduhu alikuwa ameketi benchi la pili, kofia magotini. Hakunikazia macho wala hakukunja uso. Alinitikisia kichwa kidogo, kama mtu anayemsalimu jirani kanisani. Nyuma yake alikaa Milembe, mkono umefungwa kwenye khanga.

"Kulikuwa na uvimbe, mheshimiwa," nikasema. "Sikuweza kuona."

Hakimu akaandika. Alichukua muda mrefu kuandika maneno yale machache.

"Hukumwita baada ya wiki mbili?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Kazi zilikuwa nyingi."

Akaandika hilo pia. Mwendesha Mashtaka akasema hana swali zaidi, akaketi, akafunga faili. Hati ya mashtaka haikubadilishwa. Mchana ule wazee wa ukoo walisimama mbele ya hakimu wakaomba wapatane, na hakimu akamuuliza Milembe kama anakubali kwa hiari yake. Mimi nilikuwa mlangoni. Aliniangalia mimi, kisha akamwangalia Maduhu, akasema anakubali. Ng'wandu alitoka na watu wake kabla sijavuka uwanja wa mahakama.

Milembe hakumaliza mwaka katika boma lile. Walimpa ng'ombe, kweli, nao wakachungwa pamoja na wa kwao. Alilima kwa mkono mmoja, palizi ikamshinda, na Ng'wandu akaingiza maksai kwa mara ya pili bila panga wala kelele. Asubuhi moja niliambiwa ameondoka na watoto kwa dada yake kule Lamadi. Mimi nikaandika barua ya kuomba uhamisho. Sababu niliyoandika ilikuwa masomo ya mtoto.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi kandokando ya ziwa, kisha nikarudishwa mjini Bariadi hadi mwisho. Niliandika fomu nyingi mno. Nilipima hadi mikwaruzo. Nilikunja na kukunjua kila kidole cha kila mgonjwa, hata aliyeumia goti. Mganga Mkuu wa Wilaya mmoja alinitania mbele ya kikao, "Mama, fomu zako zina kurasa kama msahafu, waendesha mashtaka wanalalamika." Watu wakacheka nami nikacheka. Wakati mmoja nilimwandikia madhara makubwa mtu aliyechomwa kisu cha kuparia samaki, na ndugu za mshtakiwa wakaja kunisalimu nyumbani kwa adabu zote. Safari hiyo nilimpigia simu Mkuu wa Kituo cha polisi wakiwa bado wamekaa, nikaongea naye kwa sauti waisikie. Walinywa maji wakaondoka. Lakini msidhani nilikuwa shujaa. Nilihara siku mbili, na kwa mwezi mzima pikipiki ikipunguza mwendo karibu na nyumba nilizima redio nisikilize.

Sasa nimestaafu. Nina bustani yangu Ngulyati, na matabibu vijana huja kunitembelea. Huniuliza kuhusu vifungu na adhabu, nami huwaambia vifungu viko kitabuni, vitasomwa na wanaolipwa kuvisoma. Wasichokikuta kitabuni ni kwamba sheria haimwoni mtu mpaka wao wawe wamemwandika, na kwamba yule anayetaka wasiandike atakuja akiwa amevua kofia. Nawaambia pia wasikae na woga peke yao kama nilivyokaa mimi. Ningempigia simu mkuu wangu wa Sapiwi jioni ile, labda angepanda basi la asubuhi akaja. Nilikuwa na namba yake na simu ilikuwa na chaji.

Mwaka huu, sokoni Bariadi, nilikuwa nachagua nyanya niliposikia mtu ananiita Daktari. Alikuwa Milembe. Amezeeka, amenenepa kidogo, anauza dagaa anaoletewa kutoka ziwani. Akanipa mkono.

"Nisamehe, mayu," akasema, "nakusalimu kwa wa kushoto."

Kwetu huwezi kumsalimu mtu unayemheshimu kwa mkono wa kushoto, na yeye aliona aibu kwa hilo. Yeye ndiye aliyeona aibu. Niliushika ule mkono, nikashindwa kuuachia.

"Milembe, vile vidole niliviona," nikamwambia. "Siku ile ile. Niliviona."

"Najua," akasema. "Ulipokuwa unaviangalia, mimi nilikuwa nakuangalia wewe usoni. Nikasema, basi, sasa tuko wawili tunaomwogopa Maduhu."

Nikamwomba msamaha pale pale, mbele ya wauza nyanya, nikilia bila kujificha. Hakusema kwamba amenisamehe, wala hakusema kwamba hajanisamehe. Aliniuliza kama matabibu wa siku hizi wanaandika kila wanachokiona. Nikamwambia sijui.